Injini Kuukuu Inapopumua: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia Matengenezo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji anayemiliki gari la zamani, au anayekusudia kulinunua. Katika mji wa Babati na vijiji vinavyouzunguka, Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1985 na Toyota Land Cruiser za miaka ya 1970 na 1980 bado zinabeba mahindi, mbaazi na alizeti katika njia ambazo magari madogo hayaziwezi. Mmiliki wa gari la namna hiyo anapofika gereji na kulalamika kwamba oili inavuja na mvuke unafuka chini ya boneti, mara nyingi hupewa jibu moja fupi: injini imekwisha, ifunguliwe.

Jibu hilo laweza kuwa kweli. Laweza pia kuwa kosa linalomgharimu mtumiaji mapato ya msimu mzima wa mavuno, ilhali tatizo lilikuwa tundu la kupumulia lililoziba kwa tope la oili, ambalo husafishwa kwa mafuta ya taa na brashi. Tofauti kati ya hali hizo mbili haijulikani kwa kutazama moshi peke yake. Hujulikana kwa vipimo. Somo hili linaeleza vipimo hivyo, mpangilio wake, na maswali ambayo mtumiaji anapaswa kumwuliza fundi kabla ya kuidhinisha kazi ya kufungua injini.

1. Mvuke huo unatoka wapi?

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na kila mafuta yanapoungua huisukuma kwa shinikizo, au presha kama wengi wanavyosema, lililo mara makumi kadhaa ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kazi ya kuzuia shinikizo hilo lisipenye pembeni mwa pistoni hufanywa na ringi. Hata zikiwa mpya, ringi haziwezi kuziba kabisa: kila moja imekatwa mahali pamoja ili ipate nafasi ya kutanuka kwa joto, na mwanya huo mdogo hupitisha gesi kidogo. Gesi inayopenya hushuka katika kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini ambamo krenki huzunguka, na ambayo kitako chake ni sampu ya oili.

Kwa hiyo kila injini hupumua kwa kiasi fulani, iwe mpya au kuukuu. Mtumiaji anachopaswa kutaka kujua ni kiasi cha pumzi hiyo na chanzo chake.

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa moshi, mafuta ambayo hayajaungua, matone madogo sana ya oili, na mvuke wa maji. Maji hayo si machache: kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, lakini kiasi kidogo huishia ndani ya kasha la krenki. Gesi isipopata njia ya kutoka, mambo mawili hutokea. Kwanza, shinikizo hupanda ndani ya kasha na kuisukuma oili nje kupitia sili za krenki, gasketi ya sampu na gasketi ya kifuniko cha valvu. Vifaa hivyo viliwekwa kuzuia oili isidondoke. Havikuundwa kuhimili shinikizo. Pili, maji na asidi hubaki ndani ya oili, na taratibu huigeuza kuwa tope jeusi linaloziba njia za oili na kula vyuma.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mtumiaji. Ukibadilisha sili inayovuja bila kuondoa shinikizo lililosababisha uvujaji, sili mpya nayo itavuja. Sili ya nyuma ya krenki ndiyo inayoumiza zaidi mfukoni, kwa sababu ili kuifikia ni lazima gia boksi ishushwe, na oili inayopita hapo huweza kulowesha klachi.

2. Jinsi injini za zamani zilivyopewa njia ya kupumua

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari mengi duniani yalikuwa na bomba lililo wazi, lililoanzia kwenye injini na kuelekezwa chini ya gari. Gari lilipokwenda kasi, upepo wa mwendo uliunyonya mvuke; gari liliposimama au kwenda polepole, unyonyaji ulikoma. Mwaka 1961 Jimbo la California nchini Marekani liliagiza kifaa cha kuurudisha mvuke huo ndani ya injini ili uungue, kwa kuwa ulikuwa ukichafua hewa ya miji. Utaratibu huo ulienea baadaye katika nchi nyingine. Kutokana na historia hiyo, gari la zamani unalolikuta leo huwa na mojawapo ya mipango mitatu ifuatayo:

(a) Kifuniko chenye wavu wa waya ndani yake, ambamo injini hupumulia hewani moja kwa moja. Land Rover nyingi za zamani zenye injini ya sentimita za ujazo 2,286 zina mpango huu, kwenye kifuniko cha kujazia oili na kwenye kifuniko cha valvu.

(b) Bomba lililo wazi linaloshuka chini ya gari.

(c) Mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu na kuingia katika njia ya hewa ya injini. Katika baadhi ya injini za petroli mpira huo una valvu ndogo katikati. Injini nyingi za dizeli za Toyota zina mpira wa namna hii.

Mtumiaji aanze kwa kujua gari lake lina mpango upi. Katika magari yaliyopita mikononi mwa wamiliki wengi, si ajabu kukuta mpira wa awali umeondolewa na mahali pake pamezibwa kwa boliti au kitambaa. Ukikuta hivyo, huenda umekwisha kupata chanzo cha tatizo bila kutumia hata shilingi moja.

3. Dalili, na zile zinazopotosha

Dalili za shinikizo kubwa ndani ya kasha ni hizi: kijiti cha kupimia oili kuruka kutoka mahali pake, oili kulowesha kifuniko cha valvu na maungio ya injini pande nyingi kwa wakati mmoja, oili kukutwa ndani ya chujio la hewa, na mvuke kutoka kwa mfululizo pale unapofungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma.

Zipo pia dalili zinazofanana na hizo ambazo zimewafanya watumiaji walipie kazi isiyohitajika. Mbili zinastahili kuelezwa.

Ya kwanza ni moshi wa buluu. Moshi unaotoka kwa muda mfupi injini inapowashwa asubuhi, au pale unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, kwa kawaida huashiria oili inayopenya kwenye shina za valvu. Kurekebisha hilo ni kazi ya silinda hedi, wala haihitaji kugusa pistoni. Moshi wa buluu unaoendelea wakati wote gari linapovuta mzigo ndio unaoelekeza kwenye ringi na silinda.

Ya pili ni utando mweupe kama mtindi chini ya kifuniko cha oili. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari linalotumika kwa safari fupi za kutoka nyumbani hadi sokoni halipati joto la kutosha kukausha maji yaliyomo ndani ya injini. Maji hayo hujikusanya mahali penye baridi zaidi, yaani chini ya kifuniko. Ikiwa oili iliyo kwenye kijiti ni safi na maji ya rejeta hayapungui, yamkini huo ni unyevu tu, na safari ndefu ya kuipasha injini joto, baada ya kusafisha njia ya kupumulia, huuondoa. Ikiwa oili ya kwenye kijiti nayo imekuwa nyeupe, au maji ya rejeta yanapungua, gari lisiendeshwe. Maji yanaingia kwenye oili na fundi aitwe.

4. Vipimo saba, kuanzia kisicho na gharama

Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Vipimo vitatu vya kwanza mtumiaji anaweza kuvifanya mwenyewe. Vinavyofuata vifanywe na fundi huku mtumiaji akishuhudia.

Kipimo cha 1: Kiasi cha oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha pima. Oili ikizidi alama ya juu, krenki huipiga na kuigeuza povu, na povu hilo hutoka kupitia njia ya kupumulia likionekana kama ugonjwa wa ringi. Punguza oili hadi kwenye alama, kisha utazame tena.

Kipimo cha 2: Njia ya kupumulia. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa kifuniko chenye wavu, au mpira wa kupumulia. Wavu uoshwe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ukaushwe kabisa, kisha urudishwe. Mpira upitishiwe hewa ili kuhakikisha haujaziba wala haujabonyea ndani. Kama kuna valvu ndogo, ivuliwe na kutikiswa: ile ya aina ya kawaida hutoa sauti ya kugongagonga, iliyo bubu imekwama.

Kipimo cha 3: Kifuniko kilichogeuzwa. Injini ikiwa imepata joto na inaunguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini, na ukilaze juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, hali ni ya kawaida kwa injini ya zamani. Kikirushwa pembeni, shinikizo ni kubwa. Angalizo: mikono, kanga na mikono mirefu ya nguo viwe mbali na feni na mikanda, na watoto wasiwepo karibu.

Kipimo cha 4: Pampu ya breki. Injini nyingi za dizeli zina pampu inayonyonya hewa kwa ajili ya kusaidia breki, na hewa hiyo humwagwa ndani ya kasha la krenki. Mpira wa breki ukitoboka, au pampu ikichakaa, hewa nyingi huingia ndani ya kasha, na injini huonekana inapumua kupita kiasi ilhali ringi ni nzima. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamewekewa mawe, fundi auchomoe mpira kwenye pampu na kuliziba tundu la kunyonyea kwa muda. Mvuke ukipungua sana, tatizo liko kwenye breki. Mpira urudishwe na breki zijaribiwe kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Kipimo cha 5: Mpira wa maji. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, urefu wa mita moja na nusu hivi, uukunje kwa umbo la herufi U na uujaze maji hadi nusu. Ncha moja iunganishwe kwenye mrija wa kijiti cha oili, nyingine iachwe wazi. Injini ikiunguruma, maji yatapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Pima tofauti ya vimo kwa rula na uiandike. Kiwango kinachokubalika hutofautiana kwa kila injini na hupatikana katika kitabu cha mtengenezaji, lakini hata bila kitabu kipimo hiki kina faida kubwa: ukipima kabla na baada ya kusafisha njia ya kupumulia, namba mbili zitakuonyesha kama kazi hiyo imesaidia. Maji yakikaribia kumwagika au kuvutwa kuelekea kwenye injini, zima injini mara moja.

Kipimo cha 6: Kompresheni. Fundi hufungua plagi, au nozeli kwa injini ya dizeli, na kupima kila silinda kwa geji. Kwanza hupima silinda zikiwa kavu. Kwa injini ya petroli, huongeza kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda yenye kipimo cha chini na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba mwanya wake kwa muda. Kisipopanda, tatizo huwa ni valvu au gasketi. Jaribio la kuongeza oili lisifanywe kwa dizeli bila mwongozo wa mtengenezaji, maana nafasi ndani ya silinda zake ni ndogo na matokeo hupotosha.

Kipimo cha 7: Hewa ya kujaza. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, silinda hujazwa hewa ya kompresa, kisha fundi husikiliza hewa inatorokea wapi. Ikisikika kwenye tundu la oili, inapita kwenye ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haizibi. Mapovu yakionekana ndani ya rejeta, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Kipimo hiki ndicho kinachoonyesha kwa uwazi zaidi mahali pa kasoro, na mtumiaji yeyote anaweza kuisikia hewa hiyo kwa masikio yake.

5. Mwinuko wa Babati na namba za geji

Mji wa Babati uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani, na injini inayokandamiza hewa nyepesi huonyesha kompresheni ndogo kwa kadiri ileile. Chukua mfano wa kitabu kinachotaja paundi 150 kwa inchi ya mraba kwa injini iliyopimwa usawa wa bahari. Injini hiyohiyo, ikiwa nzima kabisa, itaonyesha takriban 127 ikipimwa Babati. Atakayeipima juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, baada ya kupanda kutoka Dareda kuelekea Mbulu, atapata namba ndogo zaidi.

Jambo hili lina uzito kwa mtumiaji. Injini isihukumiwe kwa kulinganisha geji ya Babati na namba ya kitabu bila kufanya marekebisho ya mwinuko. Njia iliyo salama zaidi ni kulinganisha silinda moja na nyingine. Silinda nne zenye 126, 124, 127 na 125 zinaelezana vizuri. Silinda nne zenye 126, 124, 88 na 125 zina mgonjwa mmoja, naye anajulikana. Omba namba zote ziandikwe kwenye karatasi na ubaki nayo.

6. Hatari: dizeli inayokataa kuzimika

Shinikizo la kasha la krenki si suala la fedha tu. Injini ya petroli huzimika inapokosa cheche. Dizeli haitumii cheche. Huunguza chochote kinachowaka kilichoingia pamoja na hewa. Ikiwa mpira wa kupumulia unaelekea kwenye njia ya hewa, na injini inarusha oili nyingi kupitia mpira huo, injini huweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe. Mzunguko hupanda bila kukanyagwa mafuta, moshi mzito hutanda, na kugeuza ufunguo hakusaidii kwa sababu injini haitegemei tena pampu ya dizeli. Injini katika hali hiyo huweza kupasuka.

Ikitokea, watu wote waondoke karibu na boneti. Kwa gari lenye gia za mkono lililosimama, dereva akanyage breki kwa nguvu, avute breki ya mkono, aingize gia ya juu kabisa, kisha aachie klachi ili injini ilazimike kuzimika. Mahali ambapo mlango wa hewa unafikika kwa usalama, uzibwe kwa ubao imara. Usiuzibe kwa mkono au kwa nguo. Nguvu ya kunyonya huweza kuvuta nguo ndani na kujeruhi mkono. Mwenye dizeli ambayo chujio lake la hewa limelowa oili asisubiri hali hiyo. Afanye vipimo vilivyotajwa hapo juu mapema.

7. Njia za mkato zinazoongeza hasara

Kuziba njia ya kupumulia ili oili isichafue injini. Hakuna kinachozibika, oili hutafuta sili dhaifu na kutokea hapo.

Kuendesha gari huku kifuniko cha oili kimeachwa wazi. Vumbi la barabara huingia moja kwa moja kwenye oili, na vumbi likichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa.

Kuelekeza mpira kwenye chupa iliyofungwa kabisa. Chombo cha kukinga oili kinakubalika endapo kina tundu la kutolea hewa, kina vizuizi ndani vya kutenganisha oili na mvuke, na humwagwa mara kwa mara. Chupa isiyo na tundu ni sawa na kuziba. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zisijazwe ndani yake, kwani vipande vyake huweza kuvutwa hadi ndani ya silinda.

Kuacha oili idondoke ardhini. Oili chafu husombwa na mvua hadi kwenye mifereji, na kwa wakazi wa Babati mifereji hiyo ina jirani yake, nalo ni ziwa. Ikusanywe katika chombo na ikabidhiwe mahali inapokusanywa.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni chujio la hewa. Ringi na silinda huliwa kwanza na vumbi. Land Rover nyingi za zamani zina chujio linalotumia oili katika bakuli. Wakati wa kiangazi, katika barabara za vumbi, bakuli hilo likaguliwe kila siku na kusafishwa mara tu tope linapoonekana. Mpira unaounganisha chujio na injini ukaguliwe pia. Ufa mdogo hapo hufuta faida yote ya chujio.

8. Unaponunua gari, na unaponunua oili

Oili nzito kupita kiasi huziba mianya ya ringi kwa siku chache, hupunguza moshi na kutuliza kelele. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kuitumia kuficha uchakavu. Kwa hiyo fika mapema, uikute injini ikiwa baridi; iwashwe mbele yako; fanya kipimo cha kifuniko kilichogeuzwa baada ya safari ya majaribio yenye mlima; kagua ndani ya chujio la hewa; na uliza oili iliyomo ni ya daraja gani na ilibadilishwa lini. Muuzaji anayekataa kipimo cha kompresheni kwa gharama yako mwenyewe amekwisha kukujibu.

Katika kopo la oili, tazama maandishi mawili. La kwanza ni unene, kama vile 15W-40 au 20W-50. Fuata kitabu cha gari. La pili ni daraja la ubora la API: herufi S huanzia madaraja ya injini za petroli, na C ya injini za dizeli. Daraja la SA halifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1930, na SB halifai kwa nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1951. Hata Land Rover kuukuu ya mwaka 1975 inastahili oili bora kuliko hizo. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hakikisha kizibo hakijafunguliwa, na epuka oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi.

9. Haki zako gereji

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mtu anayefanya biashara kumpotosha au kumdanganya mtumiaji. Kumwambia mteja kwamba injini imekwisha bila kuipima, huku ukijua kwamba hujaipima, si ushauri wa kitaalamu. Hata hivyo, haki hulindwa kwa ushahidi, na ushahidi huanza siku gari linapoingia gereji. Kwa sababu hiyo:

Omba makisio ya gharama kwa maandishi, yakitenganisha ufundi na vipuri. Yasainiwe na pande zote mbili.

Omba matokeo ya vipimo kwa namba, pamoja na tarehe.

Kubalianeni mapema kwamba kazi yoyote ya ziada haitafanyika bila idhini yako.

Omba vipuri vya zamani virudishwe kwako. Ringi zilizovunjika au kuchakaa huonekana. Ambazo hazikuondolewa hazitarudishwa.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila malipo, na uandikiwe muda wa dhamana ya kazi.

Ukiona umepotoshwa, anza kwa kuzungumza na mwenye gereji ukiwa na karatasi zako mkononi. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye Tume ya Ushindani, ukiambatanisha nakala za makisio, vipimo na risiti. Karatasi halisi zibaki kwako.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na masharti haya. Yanamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayekana makubaliano. Na pale vipimo vinapoonyesha kwamba ringi kweli zimekwisha, mtumiaji atalipia kufungua injini akijua analipia nini, na atakuwa na namba za kulinganisha injini itakapofungwa upya.

Maswali ya kujipima

1. Mwenye Land Rover ya petroli ameambiwa sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe. Ni kitu gani kikaguliwe kabla ya gia boksi kushushwa?

2. Land Cruiser ya dizeli inapumua sana, lakini kompresheni ya silinda zote inalingana. Ni kifaa gani kingine kipimwe?

3. Geji imeonyesha 125 katika silinda zote nne za injini ya petroli, ilhali kitabu kinataja 150. Kipimo kimefanyika Babati mjini. Je, injini imechakaa?

Majibu

1. Kiasi cha oili na njia ya kupumulia. Shinikizo lisipoondolewa, sili mpya nayo itavuja.

2. Pampu ya breki na mpira wake.

3. Namba hizo hazionyeshi uchakavu. Silinda zinalingana, na upungufu uliopo unakaribiana na ule unaotokana na mwinuko wa Babati.